Kubeti michezo Marekani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni kwa Waswahili walioko Marekani, wanaojiandaa kwenda, na walioko nyumbani wanaoangalia NBA usiku wa manane na kujiuliza nchi ile ilianza lini kurusha matangazo ya kubeti kila mapumziko. Si ushauri wa kisheria, na wala si tangazo. Sheria na takwimu ni kama zilivyokuwa mwanzoni mwa 2026. Mabunge ya majimbo huzichezea karibu kila mwaka, kwa hiyo hakikisha za jimbo lako kabla hujatoa hela.

Kubeti ni halali Marekani au si halali?

Inategemea umesimama wapi. Majimbo 39 pamoja na mji mkuu, Washington, D.C., yanaruhusu kwa namna moja au nyingine. Yasiyoruhusu ni 11: California, Texas, Georgia, South Carolina, Alabama, Oklahoma, Minnesota, Idaho, Utah, Alaska na Hawaii.

Hata hayo 39 hayafanani. Tennessee ilianza 2020 kwa simu tu, maana haina kasino hata moja. Mississippi ni kinyume chake: lazima uende kasino, na programu ya simu inakubali ukiwa ndani ya eneo lake tu. Katika jimbo la Washington, lile la Seattle, kubeti ni kwa kasino za makabila ya Wenyeji wa Amerika peke yake. Florida karibu soko lote liko mkononi mwa kabila la Seminole na programu yake ya Hard Rock Bet. Huko Ohio, New Jersey au Pennsylvania unachagua kampuni unayoitaka, dirishani au kwenye simu.

Tanzania Bara yote ina Bodi ya Michezo ya Kubahatisha moja. Marekani haina chombo cha namna hiyo. Kila jimbo lina wasimamizi wake, kodi zake na orodha yake ya vitu usivyoruhusiwa kubetia.

Si Mahakama ya Juu ndiyo iliyohalalisha mwaka 2018?

Hivyo ndivyo watu wengi wanavyosimulia, lakini sivyo. Mahakama iliondoa kizuizi. Kuhalalisha kulifanywa na majimbo yenyewe, moja baada ya jingine.

Kizuizi chenyewe kilikuwa sheria ya 1992 iitwayo PASPA. Aliyeipigania sana ni seneta Bill Bradley wa New Jersey, ambaye zamani alichezea New York Knicks ya NBA. Sheria hiyo ilikuwa na umbo la ajabu. Haikusema kubeti ni kosa kwa nchi nzima. Ilisema majimbo yasiruhusu. Nevada, iliyokuwa imeruhusu tangu 1949, iliachwa iendelee. Delaware, Montana na Oregon ziliachiwa bahati nasibu ndogo za michezo zilizokuwa nazo tayari. New Jersey ilipewa mwaka mmoja iamue kama inataka kubeti kwenye kasino za Atlantic City. Mwaka ukaisha bila uamuzi.

Miaka ikapita, kasino za Atlantic City zikaanza kuyumba, na wananchi wa New Jersey wakapiga kura ya maoni 2011 wakakubali. Gavana Chris Christie akasaini sheria 2012. NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani), NBA, NHL (ligi ya hoki ya barafu), ligi kuu ya besiboli na NCAA, chombo cha michezo ya vyuo, zikaenda mahakamani pamoja. New Jersey ikashindwa. Ikaandika sheria upya 2014, ikashindwa tena. Hatimaye tarehe 14 Mei 2018 Mahakama ya Juu ikaipa ushindi katika kesi ya Murphy dhidi ya NCAA. Kufikia wakati huo Christie alikuwa ameondoka, ndiyo maana kesi ina jina la mrithi wake, Phil Murphy.

Hoja iliyoshinda haikuwa kwamba kubeti ni haki ya mtu. Jaji Samuel Alito aliandika kwamba Kongresi, yaani bunge la nchi nzima, haiwezi kuliamrisha bunge la jimbo litunge sheria gani au lisitunge ipi. Kongresi yenyewe inaweza kupiga marufuku kesho ikitaka. Mpaka leo haijataka.

Delaware ikawa ya kwanza, tarehe 5 Juni 2018. New Jersey ilifuata siku tisa baadaye kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Monmouth Park. Gavana Murphy mwenyewe alikwenda dirishani na kuweka dola 20 kwamba Ujerumani itabeba Kombe la Dunia. Mnakumbuka kilichotokea Urusi: Ujerumani ilifungwa na Korea Kusini na kurudi nyumbani hatua ya makundi. Serikali ilianza biashara hii kwa kuchaniwa mkeka.

Ligi zilizoshtaki sasa zinatangaza kubeti. Kulikoni?

Hela. Kamishna wa NBA, Adam Silver, alianza kulegeza mapema. Mwaka 2014 aliandika gazetini kwamba watu wanabeti kwa siri hata hivyo, afadhali iruhusiwe na isimamiwe. NFL ilikaza shingo zaidi, lakini 2020 timu ya Raiders ilihamia Las Vegas, na Februari 2024 Super Bowl, fainali ya NFL, ikachezwa huko huko. Leo ligi zinauza takwimu rasmi za mechi kwa kampuni za kubeti na kuziita washirika. Anayebeti haondoki mbele ya televisheni hata timu ikiwa nyuma kwa pointi 30, na muda wa matangazo unauzwa kwa macho hayo.

Majimbo yanapata nini?

Kodi, na hapo ndipo moyo wa jambo lenyewe ulipo. Hotuba za bungeni huzungumzia kuwaondoa walanguzi wanaopokea beti kwa siri na kumlinda mlaji, lakini mswada hupita pale pengo la bajeti linapoonekana.

Viwango vinatofautiana hadi unashangaa. Karibu kote kodi hutozwa kwenye kile kinachobaki kwa kampuni baada ya kulipa washindi. Nevada na Iowa hutoza asilimia 6.75. New York hutoza asilimia 51 kwa kubeti kwa simu, na bado kampuni ziligombania leseni, kwa sababu soko ni kubwa mno. Ilianza Januari 2022, na sasa jimbo hilo linakusanya zaidi ya dola bilioni moja kwa mwaka. Ohio ilianza na asilimia 10 mwanzoni mwa 2023, na kabla ya mwaka kuisha ikawa 20. Pakishawekwa bomba, mkono wa kulifungua zaidi haukosekani.

Illinois imekwenda mbali zaidi ya wote. Tangu Julai 2025, juu ya kodi ya kawaida, inatoza kampuni senti 25 kwa kila beti moja, na senti 50 kampuni ikivuka beti milioni 20 kwa mwaka. FanDuel na DraftKings hazikukaa na mzigo huo. Zilimsukumia mteja ada ya senti 50 kwa kila beti. Fikiria sasa mtu wa Chicago aliyezoea mikeka ya dola moja moja: nusu ya hela yake imekwenda kabla mpira haujarushwa.

Kwa nchi nzima, mwaka 2024 watu waliweka karibu dola bilioni 150 kwenye kampuni halali. Zaidi ya bilioni 13 zilibaki kwa kampuni.

Kwa nini California na Texas bado, na ndiyo majimbo yenye watu wengi zaidi?

California si kwa sababu ya ucha Mungu. Makabila ya Wenyeji yana haki ya kasino huko, na hayako tayari kuona kampuni za simu za Boston na New York zinakula sahani yao. Mwaka 2022 kulikuwa na mapendekezo mawili kwenye karatasi ya kura, la makabila na la kampuni za mtandaoni. Pande zote zilitumia zaidi ya dola milioni 400 kurushiana matangazo. Wananchi walichoka wakayakataa yote mawili. La kampuni lilipigwa chini na zaidi ya asilimia 80 ya wapiga kura. Oklahoma na Minnesota pia makabila ndiyo ufunguo.

Texas inahitaji theluthi mbili za bunge ili kupeleka mabadiliko ya katiba kwa wananchi, na bunge lake hukutana kila baada ya miaka miwili. Kwa hiyo ndugu aliyeko Houston au Dallas anayekuambia amebeti kwa simu, ama alivuka kwenda Louisiana, ama anatumia tovuti ya nje isiyo na leseni, ama anatumia moja ya zile njia za pembeni tutakazozitaja chini.

Utah na Hawaii usizisubiri. Hazina hata bahati nasibu.

Simu inajuaje niko jimbo gani?

Kampuni zinalazimika kuthibitisha mahali ulipo kila unapobeti. Programu hukusanya GPS, mitandao ya Wi-Fi iliyo karibu na minara ya simu, na hukagua kama umewasha VPN, programu ya kuficha mahali ulipo. Anwani ya nyumbani haina kazi hapa. Mkazi wa Texas akitua New Jersey anaweza kubeti akiwa bado uwanja wa ndege. Mkazi wa New Jersey akiwa Texas hawezi.

Mfano mzuri ni Kansas City, mji uliokatwa katikati na mpaka wa majimbo mawili. Kuna barabara inaitwa State Line Road: upande mmoja Kansas, upande wa pili Missouri. Kansas iliruhusu Septemba 2022, Missouri ikachelewa hadi Desemba 2025. Kwa miaka mitatu na zaidi, mtu aliyekaa sebuleni upande wa mashariki alikuta programu imegoma, akivuka barabara inafunguka. Shabiki wa Chiefs, timu ya NFL ya mji huo, ndani ya Arrowhead, uwanja ulio Missouri, hakuweza kubetia timu iliyokuwa inacheza mbele ya macho yake. Missouri yenyewe ilipita kwenye kura ya Novemba 2024 kwa tofauti ya kura chini ya 3,000 kati ya karibu milioni tatu. Kabla ya 2022 watu wa New York walifanya vivyo hivyo: walipanda treni ya PATH hadi Hoboken, wakabeti wakiwa hapo hapo jukwaani, wakapanda treni ya kurudi.

Odi za Marekani zina alama za kujumlisha na kutoa. Zinasomwaje?

Zimejengwa kuzunguka dola 100. Yenye alama ya kujumlisha inakuambia utapata faida kiasi gani ukiweka 100. Yenye alama ya kutoa inakuambia uweke kiasi gani ili upate faida ya 100. Kwa hiyo +150 ni 2.50 tuliyoizoea nyumbani, na -110 ni kama 1.91. Programu nyingi zina sehemu ya kubadili mfumo kwenye mipangilio. Badili, upunguze makosa.

Hiyo -110 itazame vizuri, maana ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Watu wawili wanabishana timu ipi itashinda baada ya kupewa pointi za kusawazisha. Kila mmoja anaweka 110. Kampuni imeshika 220, inamlipa mshindi 210, inabaki na 10 bila kutoka jasho. Ili usipate hasara kwa odi hiyo inabidi upatie zaidi ya mara 52 katika 100, mwaka baada ya mwaka. Inaonekana ndogo. Wanaoiweza ni wachache mno.

Na mkeka?

Upo, wanauita parlay, na ndio kampuni zinaupenda kuliko kitu chochote. Chukua mechi nne, kila moja nafasi nusu kwa nusu, kila moja -110. Nafasi ya kupatia zote ni 1 kati ya 16, kwa hiyo malipo ya haki yangekuwa mara 16. Utalipwa mara 13 na kidogo. Ile asilimia 5 isiyozidi kwenye mechi moja imekuwa 17 kwenye mkeka wa mechi nne. Ongeza mechi, pengo linapanuka. Ndiyo maana bonasi nyingi unazopewa zinadai uzitumie kwenye mkeka.

Siku hizi kuna mkeka wa mechi moja: LeBron apate pointi kadhaa, mwenzake achukue ribaundi kadhaa, timu ishinde. Matukio hayo yanategemeana, na ni kampuni peke yake inayojua imeyapigia hesabu gani. Binafsi naona hiyo ndiyo bidhaa mbaya kuliko zote sokoni.

Umri wa kuruhusiwa?

Miaka 21 karibu kote. Kentucky, Wyoming na New Hampshire ni kati ya machache yanayoruhusu kuanzia 18. Wazazi wenye vijana vyuoni, msiishie kuuliza kuhusu umri wa kijana wako. Ulizeni akaunti anayotumia ni ya nani.

Nikishinda sana watanilipa?

Kampuni yenye leseni itakulipa. Tatizo ni kwamba ukiendelea kushinda itakupunguzia kiwango. Jana uliweza kuweka dola 500, leo inakukubalia dola 8 na senti zake. Si kinyume cha sheria katika majimbo mengi. Massachusetts ililiona jambo hili 2024 na wasimamizi wakaitisha kikao kuzihoji kampuni. Mara ya kwanza kampuni karibu zote hazikutokea. Anayepoteza kwa ukarimu, kwa upande wake, hupangiwa mhudumu maalumu na kutumiwa tiketi za mechi.

Kodi kwenye ushindi?

Ni kipato kama mshahara, iwe dola 50 au 50,000. Kuna mabadiliko ambayo wengi hawajayasikia: kuanzia mwaka wa kodi 2026, hasara unazoruhusiwa kutoa ni asilimia 90 tu. Mtu aliyeshinda jumla ya dola 100,000 na kupoteza 100,000 hana kitu mfukoni, lakini anaweza kudaiwa kodi kana kwamba amepata 10,000. Na kutoa hasara kunawezekana ukiorodhesha makato yako moja moja tu, jambo ambalo walipa kodi wengi hawafanyi.

Kama wewe ni mgeni usiye mkazi kwa maana ya kodi, ushindi wa kamari kwa kawaida hukatwa asilimia 30, na hasara huzitoi. Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi ya mapato na Marekani wa kukupunguzia.

Wachezaji wenyewe wanauza mechi?

Kuuza mechi nzima ni shida, ila kuuza kipande ni rahisi, na kampuni sasa zinauza beti za vipande. Jontay Porter wa Toronto Raptors alifungiwa maisha na NBA Aprili 2024. Katika mechi moja alicheza dakika tatu, akasema anaumwa, akatoka. Kumbe kuna mtu alikuwa ameweka mkeka wa dola 80,000 kwamba Porter atakuwa chini ya takwimu alizokadiriwa na kampuni, ambao ungelipa dola milioni 1.1. Kampuni ilishtuka, ikauzuia, haukulipwa. Porter alikiri kosa mahakamani.

Watetezi wa kuhalalisha huitumia kesi hii kama ushahidi wao: soko halali liliona moshi. Wanaongeza ya Ippei Mizuhara, mkalimani wa nyota wa besiboli Shohei Ohtani, aliyeiba karibu dola milioni 17 za bosi wake na kuzipeleka kwa mlanguzi wa California, jimbo ambalo halijaruhusu. Hoja ina nguvu yake. Lakini mkeka wa dakika tatu za Porter usingekuwepo kama kusingekuwa na anayeuuza. Novemba 2025 warushaji wawili wa Cleveland Guardians, Emmanuel Clase na Luis Ortiz, walishtakiwa kwa madai ya kupanga na watu wanaobeti mrusho mmoja mmoja wa mpira utakuwaje. Wamekana. Ligi ya besiboli iliona heri isisubiri hukumu: ikakubaliana na kampuni kwamba beti ya mrusho mmoja isizidi dola 200 na isiingie kwenye mkeka.

Watu wameumia?

Wameumia. Utafiti wa wasomi wa vyuo vya UCLA na USC uliotoka 2024 uliona kwamba kubeti kwa simu kuliporuhusiwa, alama za mikopo za watu, yaani kipimo cha kuaminika kwao kukopeshwa, zilishuka na waliotangaza kufilisika wakaongezeka, na makali yalikuja baada ya miaka michache. Dirisha la kasino lina safari na foleni. Simu iko kitandani saa nane za usiku, na kuna mechi ya tenisi mahali fulani duniani.

Msaada upo kwa simu ya 1-800-GAMBLER, bure. Majimbo mengi pia yana orodha ya kujifungia mwenyewe: ukijiandikisha, kampuni zenye leseni za jimbo hilo haziruhusiwi kukupokea. Orodha kwa kawaida haivuki mpaka, kwa hiyo anayeishi karibu na jimbo jingine ajiandikishe kote.

Kalshi na Polymarket zinafanyaje kazi hata Texas?

Kampuni hizi mbili za mtandaoni ndizo zile njia za pembeni. Zinadai haziuzi kamari bali mikataba ya matukio, kama ile ya bei ya mahindi, chini ya CFTC, chombo cha serikali kuu kinachosimamia masoko ya bidhaa. Unanunua "ndiyo" kwa senti 60, timu ikishinda unalipwa dola moja. Kalshi ilianza kuuza mikataba ya michezo mapema 2025 katika majimbo yote 50, umri miaka 18, bila kulipa kodi ya kubeti popote. Nevada, New Jersey, Maryland na Massachusetts ni kati ya majimbo yaliyopambana nayo mahakamani, na majaji wametofautiana. Kwa macho yangu ni kubeti kuliovaa suti.

Nasubiri uraia. Kubeti kutaniharibia?

Kubeti kwenye kampuni halali, peke yake, si kikwazo. Lakini sheria ya uhamiaji inasema mtu hawezi kuhesabiwa mwenye mwenendo mwema ikiwa, katika kipindi kinachokaguliwa, kipato chake kikuu kimetokana na kamari haramu, au amepatikana na hatia ya makosa mawili au zaidi ya kamari. Fomu ya kuomba uraia, N-400, imekuwa ikiuliza swali la kamari haramu moja kwa moja. Kwa hiyo yule jamaa anayekusanya mikeka ya wenzake kwenye kundi la WhatsApp na kujikatia chake, akidhani anawasaidia tu ndugu, ndiye mwenye cha kuogopa. Na ushindi ambao hukuutangaza kwenye kodi unaweza kuibuka siku ya usaili. Ongea na wakili wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu.